Nani aliyekaa akasema 80?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa viazi huku Isyonje, nina pikapu yangu. Majuzi niliuza mzigo vizuri, jioni tukakaa na wenzangu pale Uyole kuanzia saa 2 hadi saa 6 usiku. Nilikunywa bia tano, chupa za nusu lita, nikaenda kulala. Saa 12 asubuhi naelekea Igawa nikasimamishwa, nikapuliza, kifaa kikasoma 0.06. Trafiki akasema nina bahati, mwisho ni 0.08, akaniruhusu. Kumsimulia jirani yangu mwalimu, ananiambia kuna nchi ningelala ndani, kwao mwisho ni 0.05. Sasa nauliza: nani aliyekaa akasema mtu wa 79 ni mzima na wa 81 ni mlevi? Walikunywa wao wakajipima? Na nyie watu wa afya mnaingiaje kwenye sheria hii wakati anayetukamata ni polisi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kile kifaa, maana naona umebaki na wasiwasi nacho. Hakikukosea. Hata kwa kalamu na karatasi namba yako inatoka hiyo hiyo.

Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Msweden mmoja, Erik Widmark, aliyekuwa akifundisha Lund, alionyesha miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 kwamba pombe husambaa kwenye maji ya mwili, si kwenye mafuta. Kwa mwanamume sehemu inayoipokea ni kama asilimia 68 ya uzito wake, kwa mwanamke kama asilimia 55. Nikikukadiria kilo 70, kila chupa inakupandisha miligramu 42 hivi katika mililita 100 za damu. Chupa tano ni 210. Ini nalo halilali. Linapunguza kama miligramu 15 kila saa, na halina gia ya pili. Kahawa haiongezi kasi, supu haiongezi, kuoga maji ya baridi ya Isyonje kutakutetemesha tu. Saa nne za kukaa kwenu zimeondoa 60, ukabaki na 150 saa 6 usiku. Saa sita za usingizi zimeondoa 90. Ukaamka na 60. Kwa lugha ya kifaa kile, 0.06; na 0.08 ya trafiki ndiyo 80 hiyo unayoiuliza.

Kwa hiyo hukuwa "umeshalala pombe imeisha". Ulikuwa umemaliza theluthi mbili nzuri za njia, na karibu theluthi moja ilikuwa bado. Ungeondoka saa 10 alfajiri, kama wafanyavyo wengi wanaowahi soko, ungekuwa na 90, na mazungumzo yako na trafiki yangekuwa mengine.

Sasa swali lako lenyewe. Hakuna aliyekaa akasema 80. Namba hiyo imesafiri, na mwanzoni ilikuwa kubwa karibu mara mbili. Marekani, mwaka 1939, jimbo la Indiana liliandika sheria yenye 0.15. Kwa mtu wa uzito wako hizo ni karibu bia nne kwa mkupuo. Zamani ulevi ulipimwa kwa macho ya daktari wa polisi: tembea juu ya mstari, gusa pua, sema sentensi ndefu. Mtu mzoefu wa kunywa anaweza kuupita mtihani huo akiwa na kiasi kikubwa mno mwilini, hivyo 0.15 ilikuwa namba ambayo karibu kila mtu angekubali kwamba huyu sasa kalewa. Sheria ilikuwa inamtafuta mlevi. Haikuwa inatafuta ajali.

Watu wa afya waliingilia hapo. Wao waliacha kuuliza nani kalewa, wakauliza swali lingine: kwa kiasi kipi ajali zinaanza kuongezeka? Ukiyatazama haraka maswali hayo yanafanana, lakini la pili huwezi kulijibu kwa kumtazama mlevi peke yake.

Hebu fikiria. Niende wodi ya mifupa nikute madereva 100 waliogonga, 30 kati yao wana kilevi. Je, pombe ni hatari? Bado sijui. Kama usiku ule, barabara ile, madereva 30 kati ya kila 100 waliokuwa wanapita salama nao walikuwa wamekunywa, basi pombe haijaonyesha chochote. Kama waliopita salama wenye kilevi ni watano tu kati ya 100, hapo kuna jambo. Ushahidi uko kwa yule aliyefika nyumbani. Na huyo hakuna anayemwandika popote: polisi hawana faili lake, hospitali haimjui.

Mtu wa kwanza kulifanya hili kwa uzito, kwa ninavyojua mimi, ni Holcomb, pale Evanston, Illinois. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1938: madereva 270 waliolazwa baada ya ajali, akawalinganisha na 1,750 waliokuwa wakiendesha tu mjini humo. Kazi kubwa zaidi ikaja Grand Rapids, Michigan, mwaka 1962 na 1963, ikiongozwa na Robert Borkenstein, yule yule aliyebuni kile kifaa cha kupuliza mwaka 1954. Walipima karibu madereva 6,000 waliopata ajali, kisha wakasimama mahali palipokuwa pametokea ajali, kwa saa na siku zinazofanana, wakawapulizisha zaidi ya 7,500 waliokuwa wanajipitia. Kwa hiyo si wao waliokunywa wakajipima, ndugu yangu. Waliwapima watu wa mji mzima.

Ripoti ilitoka mwaka 1964, na ndani yake mlikuwa na kioja. Ukichora mchoro, hatari inapanda vizuri kuanzia kwenye 0.05 kwenda juu, na baada ya 0.08 inapanda kama bomba. Lakini upande wa chini kabisa, wale wenye kilevi kidogo, kama 0.03, walionekana kupata ajali chache kuliko wenye sifuri! Wapenzi wa bia walifurahi. Mpaka leo nakutana na watu baa wanaoniambia moja mbili zinachangamsha mkono kwenye usukani, na bila kujua wananukuu Grand Rapids.

Jibu lilipatikana watafiti wengine walipozichambua upya takwimu zile zile. Tuchukulie hapa kwetu. Kwenye kundi la sifuri utamkuta mzee wa kanisa anayetoa gari Jumapili tu, kijana aliyepata leseni mwezi uliopita, na mama anayejifunza. Hao hawanywi, lakini wanagonga kwa sababu nyingine. Kwenye kundi la 0.03 utamkuta dereva wa Fuso wa miaka 40 anayepiga Makambako na Tunduma kila wiki na kunywa moja kila jioni. Ukilinganisha makundi hayo mawili unalinganisha uzoefu, unadhani unalinganisha pombe. Walipowatenganisha watu kwa mazoea yao ya kunywa, wanaokunywa kila siku wakalinganishwa na wenzao na wa mara moja moja na wenzao, kile kishimo cha upande wa chini wa mchoro kikatoweka. Katika kila kundi hatari ilipanda tangu mwanzo. Ninawafundisha vijana wa takwimu mfano huu kila mwaka na bado unanifurahisha, kwa sababu hakuna takwimu hata moja iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni nani anawekwa jirani na nani.

Utafiti uliosafisha mambo zaidi ulifanyika Long Beach, California, na Fort Lauderdale, Florida, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila ajali ilipotokea, wiki moja baadaye walirudi mahali pale, saa ile, upande ule wa barabara, wakasimamisha madereva wawili. Walipomaliza kusawazisha umri, jinsia na mengineyo, namba zilikuwa hivi: kwenye 0.05 hatari ya kugonga ni kama mara 1.4 ya asiyekunywa, kwenye 0.08 ni mara 2.7, kwenye 0.10 inakaribia mara 5, kwenye 0.15, ile namba ya kale ya Indiana, ni mara 22.

Wewe wa 0.06 jiweke hapo katikati.

Sasa, ni wapi kwenye namba hizo pameandikwa "hapa ulevi umeanza"? Hapana mahali. Ukishuka Kitonga kutoka Ilula, niambie ni kona ipi hasa ambapo mteremko unaacha kuwa mteremko na kuwa hatari. Huwezi. Lakini wenye barabara lazima wachague mahali pa kusimika kibao cha gia nzito, na wakishachagua, hatua moja kabla ya kibao si salama kuliko hatua moja baada yake. Ndivyo ilivyo kati ya 79 na 81. Wanasayansi wametoa mteremko. Kibao kimewekwa na wanasiasa.

Na kila nchi imesimika pake. Norway iliandika 0.05 mwaka 1936, kabla hata ya Evanston, kwa hiyo usidhani siku zote utafiti unatangulia sheria. Uingereza walichagua miligramu 80 katika sheria yao ya mwaka 1967, iliyosukumwa na waziri Barbara Castle, wakiwa na mchoro wa Grand Rapids mkononi; 80 ndipo mstari unapoanza kukimbia. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo iliandikwa na 80 hiyo hiyo. Sweden walishuka hadi 0.05 mwaka 1957, kisha 0.02 mwaka 1990. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza isizidi 0.05 kwa madereva wote, na 0.02 kwa vijana na wanaoanza. Hoja ya 0.05 haitoki kwenye ajali peke yake. Inatoka pia maabara, ambako watu walinyweshwa kidogo kidogo na kupewa kazi mbili kwa pamoja, kama kufuata mstari huku wakijibu taa zinazowaka pembeni. Uwezo wa kugawa macho na akili ndio unaotangulia kuondoka, mapema kabla ulimi haujawa mzito. Na kuendesha gari kupita katikati ya Mbalizi jioni ni kugawa macho tu: bajaji kushoto, bodaboda kulia, mama mwenye ndoo mbele, na roli nyuma linalotoka Tunduma.

Jirani yako mwalimu ana haki basi. Lakini nikwambie jambo linalotuumiza kichwa sisi tunaotaka namba ishuke. Scotland walishusha kutoka 80 hadi 50 Desemba 2014. Watafiti wakalinganisha ajali zao na za England na Wales, ambako namba ilibaki 80, wakachapisha mwaka 2019: ajali hazikupungua. Utah, Marekani, walishusha kutoka 0.08 hadi 0.05 mwishoni mwa Desemba 2018, na mwaka uliofuata kiwango cha ajali za vifo kilishuka kwa karibu asilimia 20. Namba moja, matokeo mawili. Watafiti wa Scotland walionyesha kidole kwenye upimaji: sheria mpya haikuja na askari zaidi barabarani wala vipimo zaidi, na dereva hakuona tofauti yoyote usiku wa Ijumaa.

Hili halikuwa geni. Ile sheria ya Uingereza ya 1967 ilichunguzwa na Mmarekani H. Laurence Ross, akaona majeruhi wa usiku wa mwisho wa wiki walishuka ghafla, mara tu sheria ilipoanza, kisha wakaanza kurudi polepole. Watu waliogopa kifaa, halafu wakagundua kwamba kifaa chenyewe hawakutani nacho. New South Wales kule Australia walienda njia nyingine Desemba 1982: askari anasimamisha yeyote, anapulizisha wote, hata asiyenuka. Mwaka uliofuata vifo barabarani vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Namba ya kisheria ilibaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu alimjua mtu aliyepulizishwa wiki iliyopita.

Kuna jambo mtafiti Ross Homel aliliona huko ambalo nadhani litaeleweka zaidi Uyole kuliko Sydney. Upimaji ule uliwapa wanaume kisingizio cha heshima. Unajua mambo ya raundi: ukiwa mezani na watu watano, kila mmoja lazima aagize, na ukikataa ya nne unaonekana bahili au mgonjwa. Ukisema "naendesha, na pale mbele wanapuliza", hakuna anayekucheka. Hakuna daktari aliyewahi kuwapa watu sababu nzuri kama hiyo ya kuacha chupa.

Umeuliza pia tunaingiaje sisi wakati anayekamata ni polisi. Kwa kuhesabu, na hapo lazima nikiri hatujafika. Majeruhi anafika na PF3 yake, ile fomu ya polisi, anashonwa, anapigwa picha, anafungwa plasta. Katika hospitali moja ya nyanda hizi niliyowahi kufanya kazi nilipekua mafaili ya mwaka mzima, na habari zote za pombe nilizopata zilikuwa maneno mawili ya mwuguzi wa zamu: "ananuka pombe". Harufu haikupi namba. Aliyekunywa bia moja na aliyekunywa nane wananuka wote, na aliyekunywa konyagi na kutafuna karafuu hanuki. Isitoshe, mtu aliyegongwa Chimala saa 3 usiku akafika Mbeya mjini saa 7 amekwishapoteza miligramu 60 njiani. Aliyekuwa na 90 wakati wa ajali anapimwa 30 na kuandikwa karibu mzima. Lazima uandike saa ya ajali na saa ya kipimo, vinginevyo unapima urefu wa safari.

Na huku kwetu ile kalamu na karatasi niliyotumia juu haifanyi kazi kwa kila kinywaji. Bia imeandikwa asilimia. Nani amekuandikia ya ulanzi, pombe ya mwanzi? Wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, mtoto anaweza kuonja. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mtu wa Iringa atakwambia tofauti yake kwa miguu. Komoni ya mama huyu na ya mama yule hazilingani, hata pipa na pipa hazilingani. Kifaa cha kupuliza hakijali, kwa sababu kinasoma kilevi kilichofika kwenye pumzi, kiwe kimetoka kiwandani au kwenye mwanzi. Lakini mnywaji mwenyewe hawezi kujihesabia. Ndiyo sababu nyingine mimi napendelea namba ya chini huku kwetu: 80 inamtaka dereva ajue anakunywa nini.

Moshi wametutangulia. Watafiti wa hospitali ya KCMC wamekuwa wakiwapima kilevi majeruhi wanaofika idara ya dharura, na hiyo ndiyo njia. Kuwasimamisha wanaopita salama, kama Grand Rapids, ni gharama na kunahitaji askari. Ipo njia ya mkato inayotumika sana kwenye tafiti za majeruhi: majeruhi anakuwa mlinganisho wake mwenyewe. Unamuuliza alikunywa nini katika saa sita kabla ya ajali, halafu unamuuliza siku kama ile, saa kama zile, wiki moja kabla, alikunywa nini. Mtu ni yule yule, uzoefu ule ule, barabara ile ile. Kinachobaki ni pombe. Njia hii inahitaji karatasi, kifaa kimoja cha kupuliza, na mwuguzi asiyechoka.

Naijua hoja utakayonirudishia, kwamba pale Iwambi na Kitonga magari yanayoua yanaishiwa breki, hayana pombe. Mengine ni kweli, na kipimo cha pumzi hakirekebishi breki. Ila nani amepima? Gari likianguka kwenye mteremko tunaandika mteremko. Na wengi wanaolala wodini si wa mabasi yanayotangazwa redioni, ni wa bodaboda na waenda kwa miguu, mmoja mmoja, kila usiku. Wapo pia waliogongwa wakiwa wamelewa wao, na sheria hii ya dereva haiwagusi kabisa.

Mara nyingine sheria ya afya inapita mlango mwingine kabisa. Unakumbuka viroba? Vilipigwa marufuku Machi 2017. Kiroba kilikuwa kinakaa mfuko wa shati, kinanyweka kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani. Kukiondoa dukani hakukuhitaji kumpulizisha mtu.

Sasa turudi kwa pikapu yako, maana msimu wa viazi bado. Kwa uzito niliokukadiria, chupa moja ya nusu lita inalichukua ini lako karibu saa tatu kuimaliza. Ukianza saa 2 usiku, ukanywa mbili na kusimama saa 4, unakaribia sifuri kabla ya saa 8 usiku. Ukiongeza ya tatu ndani ya muda huo huo, unafika sifuri saa 10 na nusu alfajiri. Kwa hiyo kama lumbesa zako zinaondoka saa 10, ya tatu bado unayo mwilini unapowasha gari. Mke wako akiwa na kilo 55 na akanywa pamoja nawe, usimpigie hesabu hii: kwake kila chupa ni miligramu 66, na zile mbili hazijaisha mpaka karibu saa 11 alfajiri.